Gavriil Ilizarov: Daktari wa spoki na nati aliyeufundisha mfupa kuota upya

Binamu yangu alianguka na nduthi karibu na Sigor, kule kwetu Bomet. Mfupa wa goko ukavunjika, ncha moja ikatokeza nje ya ngozi. Alitibiwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja, akafungwa plasta, akaambiwa alale na asikanyage chini. Akalala. Mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita. Kogo, yaani nyanya yetu, alimnywesha mursik asubuhi na jioni hadi mashavu yakamjaa, lakini eksirei ya mwezi wa nane ilionyesha kitu kile kile: nafasi nyeusi katikati ya vipande viwili vya mfupa. Hapo ndipo habari ya kukata mguu ilianza kutajwa pale nyumbani, kwa sauti ya chini, tukidhani hasikii. Alikuwa anasikia.

Akahamishiwa hospitali nyingine. Wiki mbili baadaye nikatumiwa picha kwa simu, na kusema kweli nilidhani ni utani. Mguu wa binamu ulikuwa umezungukwa na pete za chuma, na kutoka kwenye kila pete kulikuwa na nyaya nyembamba zilizoingia upande huu wa goko na kutokea upande ule. Ungesema mtu amemvalisha gurudumu la baiskeli. Kilichonishtua zaidi ni maagizo aliyopewa. Alitakiwa kuzungusha nati kila siku ili kuvuta mfupa, halafu asimame, atembee.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msitarajie niongee kama daktari. Lakini kusoma sikuacha. Nilitaka kujua ni nani aliyekaa chini akawaza kwamba mfupa uliovunjika unaweza kupona kwa kuvutwa. Nikampata, na hadithi yake ndiyo hii.

Mvulana aliyechelewa shule

Gavriil Abramovich Ilizarov alizaliwa tarehe 15 Juni 1921, Białowieża, nchini Poland, katika familia maskini ya Kiyahudi. Alikuwa angali mdogo wazazi wake walipohamia Qusar, mji mdogo wa Azerbaijan chini ya milima ya Caucasus, nyumbani kwa baba yake. Baba alifariki Gavriil akiwa bado mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, na mnajua kwetu hilo lina maana gani: kazi za nyumbani na shambani zilimwangukia yeye, shule ikangoja.

Alianza masomo akiwa na miaka kama 11, umri ambao wenzake walikuwa wamekwishasonga mbele madarasa kadhaa. Hakuchukua muda kuwafikia. Inasimuliwa kwamba udaktari ulimwingia kichwani siku aliyokula mapeari yaliyopuliziwa dawa ya shambani, akaugua vibaya, na mhudumu wa afya wa kijijini akamwokoa. Kwa mtoto yule, mtu aliyeweza kumtoa mwenzake mdomoni mwa kifo alikuwa mtu wa ajabu.

Mwaka 1939 alijiunga na chuo cha udaktari cha Crimea, mjini Simferopol. Miaka miwili baadaye Ujerumani ya Hitler ikavamia Muungano wa Kisovieti. Chuo kikafunga virago, walimu na wanafunzi wakahamishwa hadi Kyzylorda, Kazakhstan, maelfu ya kilomita mashariki. Huko ndiko Ilizarov alikomaliza masomo mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea.

Serikali ikampangia kazi. Hakupelekwa Moscow wala Leningrad. Alipelekwa Dolgovka, kijiji cha mkoa wa Kurgan, Siberia ya magharibi, zaidi ya kilomita 1,500 mashariki mwa Moscow. Fikiria umemaliza udaktari ukiwa na ndoto zako zote, halafu unapelekwa mahali ambapo barua ya kazi inafika kabla ya dawa. Alikuwa na miaka 23, na pale kijijini alikuwa daktari wa kila kitu. Alizalisha, aling'oa meno, alipasua matumbo, alitibu homa za watoto.

Majeruhi waliorudi wakiburuta miguu

Wagonjwa waliomsumbua akili zaidi ni wanaume waliorudi kutoka vitani. Wengi walikuwa na mikono na miguu iliyovunjwa na risasi au mabomu, na mifupa haikuwa imeunga. Tiba ya wakati huo ilikuwa plasta, kuvutwa kwa vizito na kulala kitandani. Mtu angelala miezi na miezi, misuli ikaisha, viungo vikakakamaa, na mwisho wake mfupa usiunge au uunge vibaya, mguu mmoja ukawa mfupi kuliko mwingine. Hali ya binamu yangu, kwa maneno mengine, ila wao walikuwa maelfu.

Ilizarov akajiuliza maswali ambayo fundi yeyote wa jua kali angejiuliza. Vipande viwili vya mfupa vinachezacheza ndani ya plasta. Utavishikaje imara bila kumfunga mtu kitandani? Na kwa nini damu ifike vizuri kwenye mguu ambao haufanyi kazi yoyote?

Inasemekana wazo la kwanza lilimjia akiutazama mkokoteni wa farasi, jinsi miti na upinde wa shingoni vinavyokazana hadi kila kitu kinakaa imara. Inasemekana pia kwamba alifanya majaribio yake ya mwanzo kwa mpini wa fagio. Alikuwa anauvunja, kisha anaunganisha vipande kwa nyaya na pete ili aone kama vitatikisika. Lakini mfano unaoeleweka haraka zaidi ni baiskeli. Spoki moja ni waya mwembamba tu, unaukunja kwa vidole. Ukizikaza nyingi kwenye rimu, zinabeba mtu mzima, gunia la mahindi na jogoo juu yake.

Ndivyo mtambo wake ulivyofanya kazi. Nyaya za milimita 1.5 hadi 1.8 zinapitishwa kwenye mfupa zikiwa zimepishana, zinakazwa hadi zinalia kama uzi wa gitaa, zinafungwa kwenye pete inayouzunguka mguu. Unaweka pete nyingine chini ya mahali palipovunjika. Halafu unaziunga pete hizo kwa vyuma vyenye hesi na nati. Mfupa umeshikwa kutoka nje, ngozi haikupasuliwa sana, na mgonjwa anaweza kuamka akatembea.

Kushika mifupa kwa chuma kilicho nje ya ngozi hakukuwa kugeni kabisa, na mapema mwaka 1905 daktari wa Italia, Alessandro Codivilla, alikuwa ameeleza jinsi ya kurefusha mguu kwa kuuvuta. Ila ya Codivilla ilikuwa ya nguvu na haraka, na madhara yake yalikuwa makubwa. Ilizarov ndiye aliyeleta subira.

Mwaka 1950 alihamia hospitali ya mkoa mjini Kurgan, na mwaka uliofuata mtambo ukawa tayari. Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1952, akaipata mwaka 1954.

Nati iliyozungushwa kinyume

Mwanzoni Ilizarov alitumia pete zake kusukuma vipande vikaribiane. Akawa anawaelekeza wagonjwa wakaze nati wenyewe, kidogo kidogo. Kisha, kama inavyosimuliwa, mgonjwa mmoja akakosea. Badala ya kuzungusha nati upande wa kukaza, akazungusha upande wa kulegeza. Pete zikaachana, na vipande vya mfupa navyo vikaachana.

Kwa kanuni za vitabu vya wakati ule, hiyo ilikuwa hasara tupu. Lakini eksirei ilipopigwa, pale penye nafasi palikuwa na kivuli cha kitu kipya. Mfupa ulikuwa unaota katikati ya pengo.

Daktari mwingine angemgombeza mgonjwa na kurudisha nati ilipokuwa. Ilizarov aliangalia kosa lile akaona jibu la swali ambalo hakuwa ameliuliza. Akaenda maabara na kufanya majaribio mengi kwa mbwa, akipima mwendo. Ukivuta nusu milimita kwa siku, mara nyingi mfupa unawahi kuunga kabla hujafika unakotaka. Ukivuta milimita 2, unaharibu mishipa na nyama, na mfupa hauoti vizuri. Milimita 1 kwa siku ndiyo iliyofaa. Tena isivutwe kwa mkupuo: robo milimita, mara nne kwa siku. Na kadiri hatua zilivyokuwa ndogo zaidi, ndivyo mfupa ulivyoota vizuri zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Mfupa si jiwe. Ndani yake kuna seli hai zinazohisi mzigo na mvutano. Daktari wa Ujerumani, Julius Wolff, alikuwa ameandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na mzigo unaoubeba. Ndiyo maana mcheza tenisi huwa na mfupa mnene zaidi kwenye mkono wa raketi, na wanaanga wanaokaa angani ambako miguu haibebi chochote hurudi mifupa yao imepungua. Mwaka 1957 Wajapani wawili, Eiichi Fukada na Iwao Yasuda, walionyesha kwamba mfupa ukikandamizwa hutoa hata umeme kidogo. Ilizarov yeye alionyesha kwamba mvutano wa polepole na wa kila siku huzifanya seli ziendelee kujenga: mfupa, mishipa ya damu, neva, misuli, ngozi, vyote vinarefuka pamoja.

Ila kuna masharti mawili. La kwanza, mfupa ushikwe imara. La pili, damu ifike, na damu hufika vizuri kwenye mguu unaotumika. Ndiyo sababu wagonjwa wa Kurgan walikuwa wanasimamishwa siku chache tu baada ya upasuaji, pete zikiwa mguuni, na kuambiwa watembee.

Moscow haikutaka kusikia

Ungedhani dunia ilimpigia makofi. Wapi! Maprofesa wa Moscow walimwona kama fundi wa vyuma aliyejipenyeza kwenye udaktari. Kwa upande fulani hofu yao ilikuwa na msingi, maana waya unaopita kwenye ngozi ni mlango wa vijidudu, na matokeo aliyokuwa akitangaza yalikuwa mazuri kiasi cha kutia shaka. Lakini pia kulikuwa na dharau ya kawaida tu, ile ya mji mkuu kwa mtu wa mashinani. Kwa karibu miaka ishirini, mbinu yake ilibaki zaidi kuwa jambo la Kurgan.

Mwaka 1968 mambo mawili yalibadilisha upepo. Kwanza, alipeleka tasnifu yake Perm. Alikuwa anaomba shahada ya chini. Watahini walipoisoma wakaona haistahili hiyo, wakampa moja kwa moja ile ya juu kabisa, udaktari wa sayansi.

Jambo la pili lilikuwa mgonjwa maarufu, na hapa ndipo wapenzi wa riadha mkae vizuri. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, Wilson Kiprugut wa Kericho alishinda shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya. Kwenye michezo hiyo hiyo, Valery Brumel wa Usovieti alitwaa dhahabu ya kuruka juu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 2.28.

Oktoba 1965 Brumel alipata ajali ya pikipiki. Mguu wa kulia ukasagika. Alipasuliwa tena na tena kwa karibu miaka mitatu, mfupa ukakataa kuunga, mguu ukawa mfupi. Bingwa wa dunia akawa mtu wa magongo. Mwishowe akapanda gari la kwenda Kurgan kwa yule daktari aliyekuwa anachekwa na wakubwa. Ilizarov akamfunga pete. Mfupa ukaunga, mguu ukarefuka, na Brumel akarudi uwanjani. Rekodi hakuifikia tena, lakini aliruka zaidi ya mita 2, kwa mguu uliokuwa umekaribia kukatwa.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kunyamazisha jina la Kurgan. Mwaka 1971 ikaanzishwa taasisi kubwa ya utafiti na tiba chini yake, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Lenin.

Mwitaliano aliyerudi akitembea vizuri

Nchi za Magharibi bado hazikuwa na habari. Kisha akaja Carlo Mauri, mpanda milima na mwandishi wa habari kutoka Lecco, Italia, mtu aliyevuka Atlantiki na Thor Heyerdahl kwa mashua ya mafunjo. Mauri alikuwa amevunjika mguu miaka mingi kabla, na tangu hapo alikuwa akichechemea. Mwaka 1980 alienda Kurgan akatibiwa. Aliporudi Italia, madaktari wake hawakuamini eksirei walizokuwa wanaziona.

Mwaka 1981 wakamwalika Ilizarov kwenye mkutano wa madaktari wa mifupa mjini Bellagio. Alikuwa na umri wa miaka 60, akitoka mkoa ambao wengi ukumbini hawangeuonyesha kwenye ramani. Alipomaliza kuonyesha picha za wagonjwa wake, ukumbi ulisimama na kupiga makofi. Kutoka Italia mbinu ikaenea Ulaya, na kabla ya muongo kwisha ikafika Marekani. Ilizarov alifariki Kurgan tarehe 24 Julai 1992, akiwa na miaka 71. Kituo chake bado kipo mjini humo na kinaitwa kwa jina lake.

Robo milimita, mara nne kwa siku

Turudi Sigor. Daktari wa pili wa binamu yangu alikuwa amekata kipande cha mfupa uliokufa, likabaki pengo la sentimita 3. Hesabu ni rahisi: milimita 1 kwa siku, siku 30. Hapo ni kulijaza tu. Mfupa mpya mwanzoni ni laini kama uji ulioanza kuganda, na unahitaji miezi mingine kuwa mgumu kabla pete hazijatolewa. Maumivu yapo, usiku hasa. Matundu ya nyaya lazima yasafishwe, na mara moja moja lilitoa usaha ikabidi arudi hospitalini. Sitawadanganya kwamba ni kitu cha raha.

Kogo aliposikia mguu unavutwa kwa makusudi, alikataa kata kata. Yeye alikulia wakati wa wazee waunga mifupa, waliofunga mguu kwa vijiti na kuuacha utulie, na anakumbuka waliopona. Mimi pia sitawadharau wazee hao. Lakini mfupa uliotoboa ngozi, au mguu uliofungwa kwa kukazwa hadi vidole vikawa baridi na kufa ganzi, si wa kukaa nao nyumbani hata usiku mmoja. Huo ni wa hospitali.

Aliyembadilisha Kogo ni binamu mwenyewe, na nati zake. Zamu ya kwanza ilikuwa alfajiri ng'ombe wakikamuliwa. Ya pili adhuhuri. Ya tatu jioni ng'ombe wakirudi zizini. Ya nne kabla ya kulala. Baada ya wiki moja Kogo ndiye aliyekuwa saa. Akimaliza kukamua anagonga dirisha. Kisha akawa anamsindikiza kutembea hadi langoni na kurudi, yeye na mkongojo wake, jamaa na magongo yake, wakigombana ni nani anayemchelewesha mwenzake.

Neno moja kwa wanaotafuta njia ya mkato. Mitandaoni utauziwa mashine za kutetemesha mfupa, za sumaku, za mawimbi ya sauti. Baadhi zimechunguzwa na wanasayansi, na matokeo hayaendi sambamba na matangazo. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, kwa watu 501 waliovunjika goko na kufanyiwa upasuaji, haukuona faida yoyote ya mashine ya mawimbi ya sauti. Kabla hujatoa pesa, muulize daktari wako maswali matatu: mfupa wangu umeshikwa imara? Damu inafika? Lini naweza kuanza kukanyaga, na kwa uzito gani? Usijiamulie mwenyewe, maana kukanyaga mfupa usioshikwa ni kuuharibu. Na kama unavuta sigara, acha, kwa sababu sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Eksirei ya mwisho niliitazama mwenyewe, nikaiinua dirishani kwenye mwanga. Palipokuwa peusi pana mistari myeupe, myembamba, imejipanga kufuata upande wa kuvutwa. Pete bado zipo mguuni, na daktari hajasema zitatoka lini. Lakini habari ya kukata haitajwi tena pale nyumbani, na asubuhi, maziwa yakishachujwa, bado dirisha linagongwa.